Mgongo Niliokanyaga

Zoezi la kwanza halina hata jina. Unalala chali kwenye mkeka, unakunja magoti, nyayo zinabaki sakafuni, halafu unaubana mgongo polepole mpaka ule uwazi kati ya kiuno na mkeka uzibe. Unahesabu mpaka tano, unaachia. Unarudia mara kumi. Ni zoezi la mtu mvivu, mtu angeweza kulifanya huku anasikiliza redio. Mimi nililifanya asubuhi ya kwanza nyumbani kwa mama yangu, mjini Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nikitokwa na jasho kama mchimba kisima. Nikawa nahesabu kimoyomoyo. Nilipofika tatu niligundua kwamba sauti inayohesabu si yangu. Ilikuwa ya baba, na baba alikufa kabla sijamaliza shule ya msingi.

Sisemi niliona mzuka. Mimi si mtu wa mizuka, na wanaoisimulia hunichosha. Nasema nilichosikia tu: moja, mbili, tatu, sauti kavu, kila namba imekatwa mwishoni, jinsi askari wanavyohesabu. Utotoni nyumbani tulizungumza Kikakwa, na Kinubi na majirani. Kiswahili alikileta baba kutoka jeshini, na alikitumia kwa kazi mbili, kutoa amri na kuhesabu; mama alikiokota kwake, na sasa ndicho tunachozungumza naye.

Mimi ni fundi wa cherehani. Nina baraza langu mjini Arua, mbele ya duka la vitambaa, na kwa miaka kumi na zaidi nimekaa pale nimejikunja kama ndoano. Wanawake wa Sudan Kusini wanataka magauni ya kanisa kabla ya Jumapili, wafanyabiashara wa mpakani Vurra wanataka suruali zipunguzwe sasa hivi kwa sababu lori linasubiri, na wote wananisimamia kichwani. Baraza halina mlango, kwa hiyo kila jioni natoa kichwa cha cherehani mezani na kukiingiza ndani. Ni chuma kitupu. Jioni moja nilikiinua huku nimejipinda upande, nikimjibu mteja aliyelalamikia mkono wa gauni lake, na kitu kikaachia kiunoni. Hakikutoa sauti. Maumivu yakashuka kwenye tako, yakapita nyuma ya paja, yakatua kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Nikakaa chini na kile chuma mapajani. Mteja akaendelea na habari za mkono wa gauni, na mpaka leo sijamsamehe.

Hospitalini nilipelekwa kwa kijana wa mazoezi ya viungo. Nilitarajia dawa, akanionyesha sabuni. Alichukua vipande viwili vya sabuni kwenye sinki, akaweka sponji iliyolowa katikati, akaviminya upande mmoja. Sponji ikatokeza upande wa pili.

"Hii ni mfupa, na hii ni mfupa," akasema. "Katikati iko disiki. Mama, wewe unainama kila siku, inasukuma nyuma kidogo kidogo. Sasa imegusa mshipa ya mguu."

Halafu akaniambia nitembee kwa visigino. Mguu wa kushoto ulitii. Wa kulia ulipiga sakafu kwa unyayo mzima, pwa, kama umechoka na mimi. Kijana akaacha kutabasamu. Alinipa mazoezi manne na wiki sita. Mguu ukizidi kulegea, au mkojo ukinitoka bila taarifa, au sehemu ninayokalia ikifa ganzi, nisingoje hata kesho, nirudi, na hapo itakuwa safari ya Kampala na kisu.

"Uchungu ikipanda kutoka mguu kuja mgongo, hiyo ni mzuri," akasema. "Hata kama mgongo inauma zaidi. Inarudi nyumbani. Ikishuka chini, acha, lala, pumzika. Hapana lazimisha. Hii si jeshi."

Neno hilo la mwisho alilitupa tu, hakujua limeangukia wapi. Ndiyo maana nilimuuliza swali ambalo sikuwa nimepanga kumuuliza mtu yeyote duniani.

"Daktari, mtoto akimkanyaga mtu mzima mgongoni, anaweza kuivunja hiyo disiki?"

"Mutoto ya nani?"

"Mtoto tu. Wa miaka minane."

Akafikiri. Vijana wengi wangesema hapana ili mama aende nyumbani akiwa na amani. Huyu alifikiri. "Disiki ya mutu inachoka miaka mingi," akasema. "Siku yake ikifika, hata kupiga chafya inatosha. Lakini mutoto pia inaweza. Hakuna mutu anaweza kujua."

Nikamshukuru. Nilimchukia kwa ukweli wake mpaka nilipofika getini.

Naishi peke yangu Arua, na mtu asiyeweza kuinua ndoo hawezi kuishi peke yake. Nikakodi gari, nikalala kiti cha nyuma, nikapelekwa Koboko kwa mama. Barabara siku hizi ni lami, lakini mwili wangu ulitambua kila ufa. Mama alinipokea mlangoni, akanitazama mguu, akatazama pembeni. Ana miaka sabini na kitu na bado hulima bustani yake mwenyewe. Chumba cha kulala kina kitanda chenye godoro lililobonyea, na kijana alikuwa amenikataza godoro la namna hiyo, kwa hiyo mama alinitandikia mkeka sebuleni, karibu na ukuta. Hakukuwa na nafasi nyingine. Pale pale ndipo baba alipokuwa akilala nimkanyage.

Waliokulia katika nyumba za askari wanaijua kazi hii. Mzee akirudi mgongo umechoka, anaita mtoto. Si mtoto yeyote: mkubwa atamuumiza, mdogo uzito wake hautasikika. Kwetu saizi ile ilikuwa mimi. Nilikuwa nanawa miguu kwanza. Baba alilala kifudifudi, uso ameuelekeza ukutani, nami nikapanda, mkono mmoja umeshika ukuta, nikaanza mabegani nikishuka, kisigino mbele ya vidole. Yeye ndiye aliyehesabu hatua. Hamsini zikitimia alisema "shuka", nami nikashuka, na yeye akabaki kidogo amefumba macho. Ukutani palikuwa na weusi wa viganja vyangu. Nilikuwa najivunia kazi ile kuliko kitu chochote nilichofanya shuleni.

Siku ninayoisema ilikuwa ya kiangazi. Baba alitoka shambani Lobule na baiskeli, gunia la muhogo limefungwa nyuma. Mimi nilikuwa nje naruka kamba na wasichana wa jirani, na nilikuwa nashinda. Akaniita. Nikajifanya sikusikia. Akaniita mara ya pili, na mara ya pili ya baba haikuwa ya kuchezea. Nikaingia nimevimba, sikunawa miguu, nikapanda. Moja, mbili. Nje walikuwa wakicheka, na nilijua zamu yangu inachukuliwa na msichana ambaye hata kuruka hajui. Alipofika thelathini na moja, niliruka.

Kwa miaka mingi nimejaribu kukumbuka kwamba niliteleza. Sikuteleza. Nilikunja magoti, nikaruka, nikatua kwa visigino vyote viwili chini ya kiuno chake, kwa sababu nilikuwa na hasira naye. Akatoa sauti fupi ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine. Thelathini na mbili haikuja.

"Toka nje," akasema, taratibu.

Nikatoka, nikacheza kamba mpaka jua likashuka. Nilicheza. Hilo ndilo linaloniuma hata leo, kuliko kuruka kwenyewe.

Kesho yake baba hakuweza kusimama. Watu walikuja kumwona, na kila aliyeuliza aliambiwa: gunia, lile gunia la muhogo la Lobule, alilishusha vibaya. Mama aliwaambia majirani gunia. Aliwaambia wajomba gunia. Imamu alipokuja kumwombea, akaambiwa gunia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango nikisikia gunia, gunia, nikajua wanadanganya kwa ajili ya aibu, kwamba nimefanya jambo baya kiasi kwamba wazazi wangu hawawezi kulitamka. Miezi ikapita, akainuka na fimbo. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukiburuzika kwenye saruji: shwaa, kimya, shwaa, kimya. Hakulima tena. Mama ndiye aliyeshika jembe. Na baba hakuniita tena kumkanyaga, wala hakumwita mtoto mwingine. Alikufa kwa homa nikiwa na miaka kumi na mbili, na hakuna aliyeniambia neno.

Mama naye, tangu wakati ule, nikimtazama kwa muda anakumbuka chungu kiko motoni. Anainuka, anakwenda jikoni. Nimeolewa, nimeachika, nimezaa, watoto wangu wamekuwa na nyumba zao, na mama bado anakumbuka chungu. Nilishajua maana yake. Nilijifunza kukaa mbali, kilomita hamsini na kitu za lami, na kutuma sukari.

Siku ya pili Koboko nilijaribu kutembea kutoka mkekani mpaka chooni. Nusu ya njia nikaisikia sauti ile: shwaa. Nikasimama. Nikapiga hatua nyingine, shwaa, saruji ileile, mguu uleule wa kulia. Mama akatokea mlango wa jikoni mbio, mwiko mkononi, unga mbichi unadondoka. Hakunitazama usoni, alitazama mguu.

"Nilifikiri," akasema, na hakumaliza.

Jioni hiyo alifungua stoo, akatoa magunia matupu, akayatandika kote ninakopita, kutoka mkekani mpaka mlango wa nyuma, na mguu wangu ukanyamaza. Hatukuzungumza juu yake. Nilikanyaga magunia yale kila siku nikiwaza kwamba mama ameziba sauti asisikie nilichomfanyia mumewe.

Zoezi la pili nililiogopa zaidi. Unalala kifudifudi, unapumzika, halafu unainuka kwa viwiko, kifua juu, nyonga chini, kama mtu anayesoma gazeti sakafuni. Unakaa hivyo dakika moja, mbili, ukipumua. Siku maumivu yakikubali, unanyoosha mikono. Hakuna kuruka, hakuna kujilazimisha. Nililala kifudifudi, uso ukutani, kwa sababu mkeka ulikaa hivyo. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa mara nyingi, viganja vyangu havipo. Na pale nilipolala nikashikwa na kitu: nilisubiri miguu. Mgongo wangu wote ulikaza ukisubiri mtu apande. Nilijua hakuna mtu, nilisikia kuku nje, nilisikia bodaboda barabarani, na bado nilisubiri. Nikaugeuza mkeka, kichwa kikaelekea mlangoni. Kuanzia hapo nililifanya nikiutazama mlango.

Na lilifanya kazi, sitasema uongo. Wiki ya pili kidole gumba kiliachiliwa. Wiki ya tatu maumivu yalikuwa yamepanda mpaka gotini, halafu pajani. Mgongo wenyewe uliuma vibaya, nami nikaufurahia, kwa sababu kijana alisema yanarudi nyumbani. Nilipiga magoti kufanya lile zoezi la paka, mgongo juu, mgongo chini. Nilivuta goti moja kifuani, nikaliachia, nikavuta la pili. Asubuhi na jioni nilizunguka nyumba nikitembea, mara tano, halafu mara kumi. Aliyehesabu ni baba, kila mara. Nilijaribu kuhesabu kwa Kikakwa ili nimpotoshe, akanifuata. Nikaacha kupigana naye.

Sasa, ukiwa umelala chali sebuleni Koboko, watu hawafikirii mazoezi. Alasiri moja nilikuwa hivyo, magoti nimeyanyoosha kupumzika, macho nimefumba, shuka jeupe la mama miguuni kwa sababu ya inzi. Jirani yetu, mjane wa askari kama mama, alipiga hodi ambayo sikuisikia. Akafungua mlango, akaniona, akapiga yowe. Yowe la Koboko halihitaji maelezo. Watu wakaanza kuja kutoka nyumba za jirani. Mimi nilitaka kuruka juu, lakini nilikuwa nimekatazwa kuinuka ghafla: ni lazima ugeuke ubavu kwanza, ushushe miguu, ujisukume kwa mkono. Kwa hiyo nikawa nimelala pale nasema, "Niko hai! Jamani, niko hai!" na yowe lake linanifunika. Mama alikuja mbio kutoka nyuma. Aliniona kwenye mkeka, na kwa kitambo kidogo aliamini. Niliona uso wake. Hakuna mtoto anayepaswa kuuona ule uso.

Walipokwisha kucheka na kutawanyika, jirani akakaa, akapewa chai, akajifuta machozi yake ya bure. Akataka kujua ninafanya nini sakafuni. Nikamweleza.

"Hii maneno ya hospitali ni bure," akasema. "Ita mutoto akukanyage. Kwani mzee yako alikuwa anafanya nini hapa? Si wewe ulikuwa unamukanyaga? Mimi nakumbuka."

"Hapana!" Mama alisema hivyo kwa sauti ambayo ungedhani iko uwanja wa gwaride. Birika likatikisika mezani. "Hapana sema hiyo maneno ndani ya nyumba yangu. Hapana!"

Jirani aliacha chai yake nusu. Mama akainua kikombe, akakumbuka chungu, akaondoka.

Sikufanya zoezi la jioni. Nilikaa kwenye kiti kigumu nikiwa nimechoka, si mgongo tu. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu na nilikuwa bado nyuma ya mlango nasikia gunia, gunia. Kama mama ananilaumu, basi anilaumu kwa mdomo. Nilitaka aseme. Hata kama lingekuwa neno la mwisho kati yetu, nilitaka aliseme mimi nikiwepo.

Asubuhi nikatandika mkeka jinsi alivyoutandika siku ya kwanza, kichwa ukutani, nikalala kifudifudi, nikajiinua kwa viwiko. Nikamwita. Akaja mpaka mlangoni.

"Mama, kaa."

"Nimeacha chungu kwa moto."

"Moto haujawashwa, Mama. Kaa."

Akakaa ukingoni mwa kiti. Mimi niliongea na ukuta, kwa sababu nisingeweza kuongea na yeye.

"Haikuwa gunia," nikasema. "Mimi niliruka. Miguu yote miwili. Sikuteleza, nilikuwa na hasira, nikaruka makusudi."

Nilihesabu pumzi zangu. Baba alinyamaza, kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Mimi najua," akasema mama.

Nikageuka haraka kuliko inavyoruhusiwa, na nikalipa kwa maumivu. "Unajua tangu lini?"

"Siku hiyo. Nilimuletea chakula. Kabla naweka sahani chini aliniambia. Akasema, mutoto iliruka. Akasema, ni mutoto, hapana muambia, hapana muuliza. Tutasema gunia. Akasema hii ni amri."

"Na alipokufa?"

Mama akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Amri ya mutu amekufa, nani ataondoa?"

Na alikuwa anauliza kweli. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba zetu. Amri huondolewa na aliyeitoa, na aliyeitoa alikufa bila kuiondoa, na mama akabaki zamu. Zaidi ya miaka thelathini alisimama zamu ile.

"Wewe uliniangalia na macho ya kuuliza," akasema. "Tangu mudogo. Kila siku. Mimi nitasema nini? Nilikimbia jikoni."

Nikauliza swali lililobaki. "Alinikasirikia?"

"Nani, baba yako?" Akatikisa kichwa, na kitu kikalegea mdomoni mwake, kitu ambacho sikuwahi kukiona kikinielekea mimi. "Alicheka. Uchungu ilimukamata na yeye anacheka. Akasema, hii mutoto iko na kisigino ya koplo."

Niliweka uso kwenye mkeka. Mama alidhani ni mgongo, akashuka kwenye kiti, akapiga magoti, akaweka mkono kiunoni mwangu bila kubonyeza. Haukuwa mgongo. Ilikuwa hasira, hasira kubwa kuliko ile ya kamba, na niliielekeza kwa baba yangu tena. Alinisamehe siku ileile, chakula chake kikiwa bado cha moto, na hakuna aliyeniambia.